Betri Zilizoanikwa Juani

Mweso, Jumapili baada ya misa

Furaha mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hatawaachia kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu. Nimeketi kwenye meza yangu ya ufundi, nimeusukuma pembeni mnyororo wa baiskeli ya katekista, na ninaandika kwa penseli kwa sababu kalamu ya wino imegoma. Sanduku lako liko hapa miguuni pangu na bawaba yake moja imelegea. Nitaitengeneza nikimaliza barua hii, au nikichoka kuandika, lolote litakalotangulia.

Mambo ya safari nimemwachia mama yako. Amekwisha kukuambia ukae upande gani wa lori, ushuke wapi ukifika Sake, umsalimie nani Kirotshe, na usimkopeshe mtu kitenge. Kama kuna neno alilolisahau, basi halipo duniani. Mimi nina jambo moja tu, nalo lina umri wa miaka minne. Ni habari ya ile mashine ya mtu wa nyota, na kwa nini taa yake ilizimika. Wewe unalo jibu lako na mimi ninalo langu. Nisipokupa kabla ya lori la kesho sitakupa tena, maana ninajijua.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita. Mwalimu Anselme alikuwa amepata gazeti lenye picha ya mtu aliyevaa kofia ya duara, mtu aliyezungushwa dunia nzima ndani ya chombo. Picha ile ilipita mikono yote ya Mweso mpaka ikachakaa. Wengi walisema ni uongo wa wazungu, na bibi yako aliuliza swali moja tu, nani alikuwa akimpikia huko juu. Mwalimu hakubishana na mtu. Alikaa wiki mbili akaandika mchezo wa sikukuu ya kufunga shule: mtu kutoka nyota anashuka katika milima ya Masisi, haelewi lugha yetu wala desturi zetu, lakini ana mashine shingoni, na taa ya mashine hiyo inawaka nyekundu kila mtu anapomdanganya.

Alitafuta mtu wa kutengeneza mashine hiyo bila gharama. Wavulana wakubwa walileta vigogo vilivyochongwa na kupakwa mkaa. Wewe ulikuja nyumbani, ukakaa pale kwenye kigoda chako karibu na meza hii, ukaniomba kikasha cha sabuni. Sikukuuliza cha nini. Wakati ule ulikuwa ukikaa na mimi kila alasiri, ukinishikia spoku za baiskeli na kupanga misumari kwa ukubwa wake, na nilikuwa nimezoea kukuona hapo kama nilivyozoea koleo langu.

Nitakuandikia jinsi ulivyoitengeneza, kwa sababu nafikiri hujui kwamba nilikuwa nikitazama. Kikasha ulikifunika kwa karatasi ya fedha iliyobanduliwa ndani ya makasha ya chai ya shambani, ukaipiga pasi kwa kijiko cha moto mpaka ikakaa bila mkunjo. Antena zilikuwa spoku tatu zilizopinda, ambazo mimi nilikuwa nimezitupa. Waya ulitoka kwenye dinamo iliyokufa. Taa ilikuwa balbu ndogo ya tochi, na juu yake ulifunga karatasi nyekundu ya bonbon, ile peremende ya dukani. Kofia ya mtu wa nyota uliikata kwenye kibuyu kikubwa cha bibi yako kilichokuwa na ufa, na hapo ndipo nilipojua kwamba una ujasiri kuliko mimi, maana mimi nisingethubutu kumwomba kile kibuyu.

Lakini kilichonishangaza ni swichi. Ulikata kipande cha kopo la sadini, ukakipinda kikawa na mgongo, ukakipigilia chini ya kikasha mahali ambapo kidole gumba kinakaa chenyewe mtu akishika mashine kwa mikono miwili. Watazamaji wangeona taa inawaka, wasione aliyeiwasha. Mimi ni fundi wa miaka ishirini na sikufundishwa hivyo na mtu, wala sikukufundisha wewe. Nilisema tu, "Iko muzuri," nikaendelea na kazi yangu. Ningeweza kusema zaidi ya hapo, na sikusema.

Zilibaki betri, au mabuye kama watu wa hapa wanavyoziita. Ulichukua yule kuku wako mwekundu, uliyemlea tangu kifaranga, ukamwacha dukani na ukarudi na mabuye mawili mapya, bado yana mafuta ya kiwandani. Ulinionyesha, ukaniambia, "Papa, haya iko ya mashini tu. Haya hayaendi mu radio." Nilicheka. Ulikuwa unanijua.

Na kila mtu Mweso alijua ugonjwa wangu wa betri. Betri ikifa kwangu haikuzikwa. Niliianika juu ya bati la jikoni, kando ya maharage ya mama yako, siku mbili au tatu, mpaka ikapata nguvu kidogo. Kila nikianika, nilikata alama moja kwa kisu kwenye kitako chake ili nijue imefufuka mara ngapi. Alama moja, inafaa tochi. Alama mbili, inafaa redio kwa saa chache. Alama tatu, inapelekwa kwa Mwalimu, aipasue, atoe unga mweusi wa ndani na kuuchanganya na majani aliyoyaponda ili apake nao ubao wa darasa. Watu wa sokoni nao waliniletea zao nizianike, kwa hiyo alama zangu zilijulikana kama muhuri wa posta. Ufundi wangu wote, ukiutazama vizuri, ni kuchelewesha vitu visife.

Sasa, mwaka ule barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa kwa sababu ya waasi. Papa mudogo wako Bahati alikuwa huko kwenye machimbo, na tangu miezi mitatu hatukuwa na habari yake. Jioni redio ilikuwa ikisoma majina ya watu wanaotafuta ndugu zao, fulani yuko mzima, fulani yuko mahali fulani. Ijumaa kabla ya sikukuu msomaji alisema, "Sasa wale wa Walikale," na hapo hapo sauti ya redio ikazama mpaka haikusikika tena. Nilitikisa redio, nikaipiga kofi, nikazisugua betri kwa shati. Hakuna kitu.

Jumamosi ulikwenda kwenye mazoezi ya nyimbo. Mashine ilikuwa juu ya rafu. Nilifungua kile kifuniko kidogo ulichokitengeneza chini yake, nikatoa mabuye yako mapya nikayatia katika redio yangu. Juu ya bati kulikuwa na mawili ya zamani, yameanikwa wiki nzima, yana alama tatu. Hayo nikayatia katika mashine yako. Nilibonyeza swichi. Taa iliwaka, nyekundu, nzuri kabisa. Nikajiambia yatamaliza mchezo.

Ningeweza kukuomba. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko lolote. Ungenipa, ninajua, kwa sababu Bahati ndiye aliyekufundisha kupiga mluzi. Lakini nilikuwa sijawahi kumwomba mtoto wangu kitu, na ilionekana rahisi zaidi kuchukua.

Jioni ile jina la Bahati halikusomwa. Nilipanga kukurudishia yako asubuhi. Asubuhi redio ilisoma majina tena, nikasubiri yaishe, nikasema bado moja, bado moja. Nilipoinua kichwa ulikuwa umekwisha kuondoka, mashine kichwani, kibuyu mkononi. Shule haikuwa mbali. Ningekimbia ningekukuta. Nilivaa viatu taratibu, nikafunga kamba vizuri, nikaenda pamoja na mama yako kama mzazi yeyote anayekwenda kwenye sikukuu.

Mchezo unaujua, wewe ndiwe uliyekuwa mtu wa nyota ndani ya kibuyu. Nitakuambia tu ulivyoonekana kutoka benchi la mbele. Mwanamke wa pombe aliposema hatii maji katika kasiksi yake ya ndizi, taa iliwaka, na watu wakafurahi sana, hasa wanaume. Yule bwana aliyesema alilala kwa shangazi yake, taa iliwaka, lakini sasa wekundu wake ulikuwa hafifu. Nilikuwa ninajua maana ya kufifia huko. Kisha akasimama chifu wa mchezo, akasema chumvi yote ya serikali amewagawia watu wake bila kubakiza hata kiganja. Hapo ndipo mchezo wote ulipokuwa unaelekea. Ukamsogelea, ukainua mashine mbele ya uso wake, na taa ikakaa giza.

Ulibonyeza tena. Niliona kidole chako kikienda na kurudi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe hata mashini ya ku nyota inakulaka matabishi." Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, kusikia kwamba mashine nayo inakula rushwa. Inspekta wa shule, aliyekuwa kwenye kiti cha heshima, alicheka mpaka akatoa leso. Na inspekta yule alikuwa amekuja kuona mtoto ambaye Mwalimu Anselme alimwandikia habari zake, mtoto wa kupewa nafasi moja tu iliyokuwepo ya sekondari Bukavu. Mtoto huyo ulikuwa wewe. Mimi nilijua, Mwalimu alikuwa ameniambia.

Baada ya mchezo nilikuona ukipita nyuma ya darasa na mashine. Ulikaa huko kidogo. Uliporudi ulikuwa umetia kidole mdomoni, na mimi nikafikiri umekwenda kulia. Mwalimu akachukua mashine, akafungua kifuniko mbele ya inspekta, akazijaribu betri kwenye tochi yake. Zimekufa. Akauliza, "Nani aliweka mabuye hii?"

Ukasema, "Njo mimi, Mwalimu. Yalikuwa mapya. Jana nilisahau kuizima."

Inspekta akasema kwa Kifaransa kitu kuhusu watoto na uzembe, akafunga daftari lake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa matatu: ni mimi, Mwalimu. Niliyahesabu. Lakini pembeni walikuwa wamesimama wanaume walioniletea betri zao, na niliona jinsi nitakavyoitwa sokoni, fundi aliyeiba mabuye ya mtoto wake. Nikaangalia viatu vyangu. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri sana.

Hayo peke yake ningeweza kuyabeba. Ninaloshindwa ni la njiani. Tulikuwa tunapanda, mama yako ametangulia, na wewe ulikuwa unatembea umekibeba kikasha tumboni. Na mimi, Furaha, nilikuambia, "Niliwaza hivi. Mambo ya umeme haiko ya mabinti." Ningekuwa nimekuchapa fimbo ingekuwa afadhali. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kosa likae mahali, na wewe ulikuwa karibu.

Nafasi ya Bukavu alipewa mtoto mwingine, na simlaumu. Wewe ulilima maharage miaka minne. Hukukaa tena kwenye kigoda. Nilidhani utarudi baada ya wiki, kisha baada ya mavuno, kisha nikakitia kigoda chini ya meza, penye mguu mbovu, kama nguzo, na kipo hapo mpaka leo, ninakigusa kwa goti ninapoandika. Nilikuwa na msaidizi aliyebuni swichi ya kopo la sadini, nikamfukuza kwa sentensi moja.

Ukitaka kucheka, cheka na hili. Papa mudogo wako alikuja kwa miguu yake miezi miwili baadaye, amekonda, ana kidonda cha mguu, akala na kulala siku mbili. Alipoamka nilimwuliza ni lini alituma jina lake redioni. Akaniambia hajawahi kusikia kwamba redio inasoma majina ya watu. Nilitoka nje nikaenda kutazama ng'ombe wa jirani kwa muda mrefu, na sijui hata nilikuwa ninatafuta nini kwa ng'ombe wale.

Sasa unakwenda Kirotshe kujifunza uuguzi. Sijui chochote cha uuguzi. Ninajua tu kwamba utakosea siku moja, dawa ya huyu utampa yule, au utasahau kufunga dirisha, na kutakuwa na watu wamesimama, na mmoja wao atakuwa mkubwa mwenye daftari. Sikuambii uwe jasiri. Ninakuambia nilichokiona mwenyewe: saa ile ile, neno lile ni jepesi, hata kama linachoma. Mwezi ukipita limekuwa zito. Miaka minne ikipita linataka karatasi pande mbili na alasiri nzima, na bado mtu anatafuta kisingizio cha kwenda kutengeneza bawaba.

Ngoja kwanza nikaitengeneze hiyo bawaba.

Nimerudi. Jua limefika kwenye mgomba wa pili. Sijui kama mwandiko wangu utasomeka.

Ili nifikie misumari ilibidi nitoe vitu vyako. Usiwe na wasiwasi, nimevirudisha kama mama yako alivyovipanga. Chini kabisa nimekuta kikasha cha sabuni. Umetoa antena, karatasi ya fedha imebaki upande mmoja tu, na ndani umetia sindano, nyuzi na vifungo. Nikafurahi kidogo kwamba hukukitupa. Kisha nikakigeuza, kwa sababu fundi hawezi kushika kitu asikigeuze, nikafungua kile kifuniko kidogo.

Betri zimo. Umezifunga pamoja katika kipande cha karatasi ya chai. Mwalimu hakuzipasua kwa ajili ya ubao, basi ulimwomba akuachie. Nimezigeuza nione alama zangu, na alama hazipo. Vitako vyote viwili vimesuguliwa kwenye jiwe mpaka vimekuwa laini. Kwenye moja tu, ukiinamisha kwenye mwanga, unaona bado mstari mmoja mwembamba, kwa sababu siku niliyoukata kisu kilikuwa kimetoka kunolewa.

Ndipo nimeelewa. Ulikwenda nyuma ya darasa, ukafungua, ukaona alama tatu. Ukajua ni za nani, na ukajua kwamba Mwalimu akifungua naye atajua, na inspekta, na wanaume wote wa sokoni. Basi ukazisugua kwenye ukuta au kwenye jiwe, haraka, mpaka ukajichana kidole. Kisha ukaja ukasema njo mimi. Na baada ya hapo ukapanda mlima pamoja nami, ukanisikia nikikuambia lile neno la mabinti, ukanyamaza.

Miaka minne nilidhani ninakuficha jambo. Kumbe wewe ndiwe uliyenificha mimi.

Nilikuwa nimetaka kumaliza barua hii kwa kuomba msamaha. Sasa naona ulikwisha kunipa kabla sijaomba, tena ukiwa na miaka kumi na minne na damu kidoleni, na mimi sikuuona. Nina aibu, na pia nina furaha ambayo sijui niipeleke wapi, kwamba mtu kama wewe alikaa kwenye kigoda changu. Ninakupenda sana, Furaha. Hilo nalo ni neno nililolianika mno.

Kesho asubuhi, kabla lori halijafika, nitamwambia mama yako mbele yako, kwa mdomo. Jumapili ijayo nitapita kwa Mwalimu Anselme. Nimeandika ili nisiweze kurudi nyuma, maana ukishafika Kirotshe na ukaisoma barua hii utajua kama nilisema au sikusema.

Ninasikia sauti ya mama yako huko chini kwenye njia, kwa hiyo ninamaliza. Ndani ya kikasha utakuta betri mbili mpya kutoka duka lile lile. Ni zako, na hazijaingia katika redio yoyote. Zile za zamani nimezirudisha mahali pake, ndani ya karatasi yako ya chai. Lakini kabla ya kuzifunga nimechukua kisu changu nikazikata upya kwenye kitako, alama tatu kwa hii na alama tatu kwa ile, mahali pale pale ulipozifuta.

Mtu akikuuliza ni za nani, mwambie.

Baba yako